Jasusi Sindano: kipi kweli, kipi hadithi?

Wiki hii nimerudia kusoma kitabu nilichonunua zamani kwa wauza vitabu vya mtumba pembeni mwa barabara: Eye of the Needle cha Ken Follett, mzaliwa wa Cardiff, Wales, 1949. Kilitoka 1978, na kule Uingereza kilianza kwa jina la Storm Island. Mwaka 1979 kikanyakua tuzo ya Edgar ya Marekani. Follett alikuwa mwandishi wa habari, na hiki ndicho kitabu kilichomtoa.

Naandika kwa sababu nina deni. Kijiweni kwetu niliwahi kubishana na jamaa mmoja, nikaapa kabisa kwamba huyu jasusi aliishi kweli. Tukawekeana soda. Leo naomba nijisahihishe.

Kisa ni hiki. Faber ni jasusi wa Ujerumani anayeishi London kama raia wa kawaida. Anaua kwa kisu chembamba, ndiyo maana anaitwa Die Nadel, yaani Sindano. Mwaka 1944 anakwenda mashariki mwa Uingereza kuchungulia jeshi kubwa linalosemekana liko huko, anakuta ndege na kambi za kuigiza tu! Anapiga picha, halafu kazi inabaki moja: kuifikia nyambizi ya Wajerumani kabla hajakamatwa. Dhoruba inamtupa kisiwani, kwa Lucy na mumewe aliyekatika miguu kwa ajali ya gari siku ya harusi yao. Mwisho siusemi. Nakala yangu ilinyofoka kurasa za mwisho, najua uchungu wake. Filamu yake ya 1981 anacheza Donald Sutherland, itafuteni.

Sasa historia. Jeshi la uongo lilikuwepo kweli, likapewa hata kamanda mwenye jina, Jenerali Patton. Lengo lilikuwa Wajerumani waamini kwamba shambulio litapiga Pas-de-Calais, kumbe linakwenda Normandy, ambako lilitua tarehe 6 Juni 1944.

Ila Sindano hakuwepo. Kitabu cha J.C. Masterman cha 1972 kilieleza jinsi Waingereza walivyowanasa majasusi wa Ujerumani nchini mwao na kuwageuza wengine wawatumikie wao. Yaani taarifa zilizofika Berlin zilikuwa zinapikwa London.

Na mpishi mkuu alikuwa Mhispania, Juan Pujol García, jina la kazi Garbo. Huyu jamaa si mchezo. Aliwaambia Wajerumani ana wapelelezi 27 chini yake, na wote aliwatunga kichwani. Siku tatu baada ya Normandy akawatumia ujumbe kwamba shambulio lile ni geresha, lile kubwa linakuja. Wakamwamini, vikosi vikaendelea kungoja Calais. Kwa utumishi wake Wajerumani wakampa nishani ya Msalaba wa Chuma, na Waingereza nao wakampa MBE, mwaka huo huo wa 1944!

Hapo nyuma alishawahi kumwua mpelelezi wake mmoja wa kubuni, kwa ugonjwa, huko Liverpool. Wajerumani wakakubali kumlipa mjane pensheni. Mjane naye alikuwa wa kubuni.

Yule jamaa wa kijiweni, kama unasoma hapa, njoo uchukue soda yako.