Delta hadi Omicron: Aina za corona zilivyowalaza watu hospitalini, na dalili za kuangalia

Umeshasikia watu wakisema "Omicron ni mafua tu". Kwa wengi ilikuwa hivyo kweli. Lakini ukiangalia waliolazwa, mambo si mepesi hivyo.

Kwa nini corona inabadilika?

Kirusi huongezeka kwa kujinakili, na katika kunakili makosa madogo hutokea. Mengi hayana athari. Machache hukisaidia kuenea haraka au kuikwepa kinga ya mwili, na hapo ndipo aina mpya inapozaliwa.

Mei 31, 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kuzipa aina hizo majina ya herufi za Kigiriki ili zisiitwe kwa majina ya nchi. Alpha iligunduliwa Uingereza, Beta Afrika Kusini, Delta India. Omicron iliripotiwa WHO na Afrika Kusini Novemba 24, 2021.

Delta: mapafu ndiyo yaliyoumia

Afrika Kusini, hospitali binafsi za Netcare zililinganisha wagonjwa wao wimbi kwa wimbi. Wakati wa Delta, asilimia 91.2 ya waliolazwa walifika na matatizo makali ya kupumua. Asilimia 74 waliwekewa oksijeni na asilimia 29.1 walifariki. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 59.

Omicron: picha ikabadilika

Katika wiki za mwanzo za Omicron, hospitali hizohizo ziliona haya kwa waliolazwa:

- Wenye matatizo makali ya kupumua: asilimia 31.6
- Waliowekewa oksijeni: asilimia 17.6
- Waliofariki: asilimia 2.7
- Siku za kulazwa: 3 hivi, wakati mawimbi ya nyuma zilikuwa 7 hadi 8

Sababu ni nini? Maabara ya Chuo Kikuu cha Hong Kong iliona Omicron inaongezeka haraka kuliko Delta kwenye njia za hewa, lakini ndani ya mapafu inakwenda polepole. Pia wagonjwa walikuwa vijana zaidi, umri wa kati miaka 36, na watu wengi walishapata kinga kwa kuugua au kuchanjwa.

Dalili nazo zilibadilika. Utafiti wa Uingereza kwa watu waliochanjwa ulionyesha kuwa asilimia 52.7 walipoteza uwezo wa kunusa wakati wa Delta, ila wakati wa Omicron ni asilimia 16.7 tu. Maumivu ya koo ndiyo yakaongezeka.

Usidanganyike na neno "nyepesi"

Mwanzoni mwa 2022 Omicron iliingia kwa kishindo Hong Kong, ambako wazee wengi walikuwa hawajachanjwa. Zaidi ya watu 9,000 walifariki katika wimbi hilo. Kirusi kilikuwa Omicron ileile, ila kilikuta wazee wasio na kinga. Mwenye kisukari, presha, ugonjwa wa figo au kinga dhaifu naye yuko kwenye hatari kubwa.

Je, daktari anaijua aina kwa kukuangalia tu?

Hapana. Homa, kikohozi na uchovu zipo kwa aina zote. Aina hujulikana maabara, kwa kusoma vinasaba vya kirusi. Na matibabu hayasubiri jibu hilo: anayeishiwa oksijeni atapewa oksijeni pamoja na dawa ya deksamethasoni, iwe ni Delta au JN.1, ambayo ni kizazi cha Omicron. Usijinunulie deksamethasoni dukani. Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haina faida na inaweza kumdhuru.

Wahi hospitali ukiona haya

- Kupumua kwa shida, au kushindwa kumaliza sentensi bila kuhema
- Kifua kubana au kuuma bila kuachia
- Midomo au kucha kuwa za bluu au kijivu
- Kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, hasa kwa mzee
- Kipimo cha kidoleni kuonyesha oksijeni chini ya asilimia 94. Ikishuka chini ya 90 hali ni mbaya

Wapo ambao oksijeni hushuka bila wao kusikia pumzi inakata. Kwa hiyo mzee akisema "niko sawa tu", hesabu pumzi zake: zikizidi 30 kwa dakika, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.