Chinua Achebe na miswada ya wenzake

Mwulize mwanafunzi wa fasihi Chinua Achebe ni nani, atakutajia Things Fall Apart, Okonkwo na kijiji cha Umuofia, kisha atanyamaza. Wachache wanajua kwamba kwa miaka kumi, kuanzia 1962 hadi 1972, mwandishi huyo wa Nigeria alikuwa mhariri mshauri wa African Writers Series, mfululizo wa vitabu wa kampuni ya Heinemann, na kwamba vitabu 100 vya mwanzo vilitoka chini ya usimamizi wake. Kwa kazi hiyo hakulipwa. Miaka ile ya mwanzo alikuwa mtumishi wa shirika la utangazaji Lagos, ana mke na watoto wadogo, na riwaya zake mwenyewe zinamsubiri mezani. Miswada ya watu aliisoma kwa muda wake.

Kwa nini akubali mzigo wa namna hiyo? Nadhani jibu liko katika mkasa uliompata mwaka 1957. Alikuwa amemaliza kuandika riwaya yake ya kwanza kwa mkono, nakala moja tu. Akaona tangazo la wapiga taipu wa London, akafungasha mswada, akautia posta. Wenyewe wakajibu kwamba umefika na wakataka ada yao. Akatuma. Baada ya hapo, kimya. Aliandika barua, hakujibiwa, miezi ikapita. Angela Beattie, Mwingereza aliyekuwa mkuu wake kazini, alipokwenda likizo kwao akaingia ofisini mwa watu hao na kuwataka waeleze mswada uko wapi. Ulikuwa umetupwa pembeni, unakula vumbi. Kwa kuwa aliyeuliza sasa ni bibi wa Kizungu aliyesimama mbele yao, wala si jina geni kwenye bahasha kutoka Lagos, ulipigwa taipu na kurudishwa. Achebe alikiri baadaye kwamba ungepotea, huenda angekata tamaa kabisa.

Heinemann waliitoa riwaya hiyo mwaka 1958, nakala 2,000 zenye jalada gumu. Alan Hill, aliyesimamia vitabu vya elimu katika kampuni hiyo, alizuru Afrika Magharibi muda mfupi baadaye akiwa na kitabu hicho, na huko Ibadan, chuo alichosoma Achebe mwenyewe, alikuta watu hawasadiki kwamba mwanafunzi wao wa juzi anaweza kuandika riwaya ya maana. Hill aliona pia jinsi kampuni za Uingereza zilivyokuwa zikichuma Afrika kwa kuuza vitabu vya shule bila kuwekeza chochote kwa waandishi wa huko. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la vitabu vya jalada laini, vya bei nafuu, vilivyoandikwa na Waafrika. Mfululizo ulianza mwaka 1962, Things Fall Apart ikiwa namba 1. Riwaya zilivikwa rangi ya chungwa, na kwenye rafu za maktaba za shule ukiiona rangi hiyo huhitaji kusoma mgongo wa kitabu kujua ni cha nani.

Juni mwaka huohuo waandishi walikutana Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo alikuwamo kijana kutoka Limuru, aliyejiita James Ngugi wakati huo. Alikuwa na mswada wa riwaya, na alikuwa na hamu ya kumwonyesha Achebe. Akajipa moyo, akamfuata, akamkabidhi. Achebe akausoma kadiri nafasi ilivyomruhusu katikati ya shughuli za mkutano, akaridhika, akaufikisha kwa Van Milne, mtu wa Heinemann aliyekuwapo palepale. Milne akampigia simu Alan Hill London, na Hill akakubali kuuchukua bila ya kuuona. Ulikuwa mswada wa Weep Not, Child, uliochapishwa mwaka 1964 na kuingia katika mfululizo ukiwa namba 7. Mwandishi wake ni huyu tuliyemjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Mwaka huohuo wa 1962 Flora Nwapa, mwalimu wa huko Nigeria, alimtumia Achebe mswada. Naye hakuishia kumwandikia kwamba umempendeza. Alimrudishia pamoja na gini moja, pesa za kutosha gharama za kuutuma Heinemann, London. Huo ndio msaada ninaouheshimu kuliko hotuba zote kuhusu kuwainua waandishi chipukizi: alifikiria stempu. Riwaya hiyo, Efuru, ilitoka mwaka 1966, mwaka uleule Grace Ogot wa Kenya alipochapisha The Promised Land. Nwapa naye hakuishia kuandika. Katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Tana Press, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza barani kuchapisha vitabu vya wenzao.

Kwa kawaida Achebe hakuwa mhariri wa kumwandikia mtu upya. Alisema huyu achukuliwe, huyu bado, na neno lake lilisikika. Mara moja tu najua kalamu yake ilivyovuka mpaka, na alikiri mwenyewe. Mwaka 1967, Biafra ilipojitenga na Nigeria, yeye na mshairi Christopher Okigbo walifungua kampuni ndogo huko Enugu, Citadel Press. John Iroaganachi akawaletea hadithi ya watoto kuhusu mbwa. Achebe akaanza kuirekebisha, mara ikamshika, na alipoinua kalamu mbwa amekuwa msaliti na mhusika mkuu ni chui aliyenyang'anywa ufalme wake. Nchi inawaka moto, mhariri anaona vita hata ndani ya ngano ya wanyama. Okigbo aliongeza shairi, akaenda zake vitani, akauawa mwaka huohuo. Enugu ilitekwa na Citadel ikafia hapo. Kitabu, How the Leopard Got His Claws, kilichapishwa baada ya vita.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna neno letu na mzee huyu. Kabla ya mkutano wa Makerere alikuwa amezuru Afrika Mashariki, Tanganyika na Unguja zikiwamo, akakutana na Shaaban Robert. Walizungumza juu ya uandishi, na Sheikh Shaaban akamlalamikia ugumu wa kupata wachapishaji wa kazi zake za Kiswahili. Akamzawadia vitabu viwili vya mashairi yake. Achebe aliandika baadaye kwamba anavitunza kwa heshima ila hawezi kuvisoma, na kwamba alijua anazungumza na mwandishi mkubwa bila kuujua ukubwa wenyewe. Mwaliko wa Makerere ulikuwa kwa waandishi wa Kiingereza, kwa hiyo Shaaban Robert hakuwa na kiti. Alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Simlaumu Achebe kwa kutojua Kiswahili. Lakini mlango aliousimamia kwa uaminifu ulikuwa na ufunguo mmoja, Kiingereza. Hata kazi zilizoandikwa kwa Kifaransa zilipita baada ya kutafsiriwa. Mtanzania Peter Palangyo aliingia kwa riwaya yake Dying in the Sun, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Uhuru, angehitaji kwanza mfasiri, na mfasiri hakuwapo. Ngũgĩ, aliyepitia mlango huohuo, ndiye aliyekuja kulisema jambo hili kwa sauti kubwa kuliko wote.

Achebe aliacha kazi hiyo mwaka 1972. Kitabu namba 100 kilikuwa chake mwenyewe, Girls at War, mkusanyiko wa hadithi fupi. Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameanzisha jarida la Okike, ambamo aliendelea kuwapa nafasi washairi na wahakiki wapya. Kwa Kiswahili ujio wake ulipitia Nairobi. East African Publishing House walichapisha Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart iliyofanywa na Clement Ndulute, mwaka 1973. Kisha ofisi ya Heinemann ya Nairobi, chini ya Henry Chakava, ikaanza kuvigeuza Kiswahili vitabu vya rangi ya chungwa. Houseboy cha Ferdinand Oyono kikaitwa Boi, na riwaya ya Ayi Kwei Armah akapewa Abdilatif Abdalla, aliyekuwa ametoka gerezani miaka michache kabla, akaitafsiri kwa jina la Wema Hawajazaliwa.