Adili na Nduguze Uwanjani: Hadithi ya Ajabu na Sauti ya Wasikilizaji

Walimu wa Kiswahili wa Kasulu na Kibondo hutuuliza mara kwa mara, sisi tunaojishughulisha na mambo ya utamaduni, kama ni halali kuitwaa riwaya ya Shaaban Robert iitwayo Adili na Nduguze, kuipunguza, kuitia nyimbo na ngoma, kisha kuichezesha mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Waulizao wana hofu za namna mbili. Wako wanaochelea kumvunjia heshima mtunzi mkuu wa lugha yetu. Na wako wenye hofu ya kawaida zaidi, wala si ndogo kwao: nyani, majini, nyoka waneneo na mji mzima uliogeuka mawe vitaonyeshwaje katika uwanja usio na pazia wala taa? Swali hili lina historia ndefu, nasi twaona kuwa jibu lake limo katika historia hiyo.

Tuanze na hadithi yenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1952. Ndani yake Rai, mfalme wa Ughaibuni, anamtuma Ikibali kwenda Janibu kudai kodi iliyochelewa kwa liwali Adili. Usiku Ikibali anaona jambo la kutisha: mwenyeji wake, mtu mpole na mkarimu, anawacharaza viboko nyani wawili, kisha anawahurumia. Mfalme anataka maelezo, na Adili analazimika kusimulia. Nyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa ajili ya mali na kwa ajili ya Mwelekevu, binti aliyemkuta peke yake katika mji wa watu waliogeuka mawe. Huria, jini ambaye Adili alipata kumwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka, ndiye aliyewageuza wale ndugu wakawa nyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku.

Mifupa ya hadithi hii si ya Shaaban Robert. Imo katika Alfu Lela u Lela, katika habari za Abdalla bin Fadhil wa Basra, ambako anayetaka maelezo ni Khalifa Harun Rashid. Shaaban Robert aliitwaa akaivua mavazi ya Basra na Baghdad. Akawapa watu majina ya tabia zao, hata mtoto asikiapo jina la Mwivu hahitaji kuambiwa zaidi. Kisha akabadili mwisho. Katika hadithi ya Kiarabu wale ndugu wakisha kufunguliwa hurudia uovu wao, wakamwua ndugu yao, nao wakauawa. Shaaban Robert aliwarudishia utu wao akawaacha wajute na kusamehewa. Badiliko hili si dogo. Alifanya kitendo kile kile afanyacho bibi yeyote wa Buha asimuliapo ngano aliyoirithi: huipokea, huipinda kidogo kufuata haja ya wasikilizaji wake, na huitoa ikiwa yake. Basi mwalimu anayeogopa kukigusa kitabu na akumbuke kwamba kitabu chenyewe ni tunda la kugusa.

Hapo inafaa tuitazame ngano jinsi ilivyosimuliwa kabla haijatiwa katika karatasi. Wenyeji wa nyanda hizi, Waha, walikuwa na watawala walioitwa Mwami, wa Heru upande wa Kasulu na wa Muhambwe upande wa Kibondo, na ngoma ilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Lakini ngano haikuhitaji baraza la mtawala. Ilihitaji moto, jioni, na watu wa kuitikia. Katika ngano nyingi za huku, kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki, umo wimbo mfupi urudiao kila mambo yanapochacha. Msimuliaji huanza, wasikilizaji hupokea. Wala wimbo huo si pambo. Fikirini ile ngano ijulikanayo mahali pengi ya msichana aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma: zimwi huizungusha ngoma vijijini, huipiga, na sauti ya msichana huimba ndani yake mpaka wazazi wake wanamtambua. Au ile ya ndege anayeimba juu ya mti na kufichua aliyeua. Mkiuondoa wimbo, msichana hapatikani na mwuaji hajulikani. Wimbo ndio tendo.

Zaidi ya hayo, anayeimba kiitikio ni mshiriki wa hadithi. Mtoto aliyepokea wimbo wa yule msichana mara tano amekuwa, kwa dakika chache, yule msichana, na pia wale wanakijiji wanaomsikiliza. Hii ndiyo sababu watoto hawakuchoka kuisikia ngano wanayoijua mwisho wake.

Mambo mengi yalikuja kuupunguza moto ule. Tangu miaka ya 1920 Buha ilifanywa hodhi ya vibarua: vijana walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakakaa miezi mingi au miaka. (Twapenda kukumbuka kwamba Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert, mwaka 1909, na kwamba manamba wa Kiha na karani yule mtunga mashairi walivuta hewa ya pwani moja.) Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi ili kuwaepusha na malale, na mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikaanza kuwakusanya watu katika vijiji vipya. Shule nazo zilileta vitabu. Vitabu vilihifadhi hadithi, na kwa hilo tunashukuru. Lakini kitabu hakiwezi kungoja kuitikiwa. Msomaji hukaa kimya, na mwalimu humsifu kwa ukimya wake.

Michezo ya kuigiza ya shule za kikoloni haikuliponya jambo hili, kwa kuwa ilifuata desturi ya Kiingereza ya watu wanaosema juu ya jukwaa na watu wanaonyamaza chini. Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea mashuleni, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watunzi vijana walianza kuuliza kama jukwaa laweza kurudi penye moto. Ebrahim Hussein, aliyekwisha kupata sifa kwa Kinjeketile, alitoa mwaka 1976 Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili zilizojengwa juu ya kinywa cha mtambaji wa ngano. Mwaka 1980 ilitoka Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba, iliyotokana na hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegali: si hadithi ya majini, lakini ilionyesha kwamba kitabu cha watu wengine chaweza kuhamia jukwaani kwa Kiswahili safi. Penina Muhando katika Lina Ubani, ya mwaka 1984, alizungumza habari za vita vya Kagera kwa kuzifuma pamoja na ngano na nyimbo. Na Emmanuel Mbogo katika Ngoma ya Ng'wanamalundi, ya mwaka 1988, alimtwaa mtu wa miujiza wa Usukuma akamweka katikati ya ngoma, mahali ambapo watu wa Usukuma wangemtazamia kuwapo. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 1981, na vijana waliofunzwa huko walijifunza kuigiza, kucheza na kupiga ngoma kwa pamoja.

Hata hivyo tuseme kweli. Katika michezo mingi ya shule tuliyoitazama, ngoma huingia baina ya maonyesho kama chai baina ya vipindi. Watu hucheza, hupigiwa makofi, hutoka. Kisha wahusika hurudi kuendelea na mazungumzo yao kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko ni kuitundika ngoma pembeni mwa hadithi.

Kama yuko anayedhani kuwa hadithi ya kuimbwa ni mchezo wa watoto tu, na aangalie Uganda. Mwaka 1971 Byron Kawadwa alionyesha mjini Kampala mchezo wa nyimbo wa Kiganda uitwao Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo, ambao muziki wake alishirikiana na Wassanyi Serukenya. Kwa sura ulikuwa hekaya. Kwa ndani ulihusu utawala na wenye kuutamani. Mwanzoni mwa mwaka 1977 kundi lake liliupeleka Lagos, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Muda mfupi baada ya kurudi, Kawadwa alikamatwa na watu wa Idi Amin, akauawa. Dikteta aliye na bunduki hakumwogopa jogoo wa hadithi. Alichoogopa ni watu wengi waketio pamoja na kuimba jambo moja wanaloelewa maana yake.

Sasa turudi kwa Adili. Mwalimu anayetaka kuileta riwaya hii uwanjani asianze kwa kuhesabu mazungumzo. Atafute kwanza mahali pa wimbo. Mahali pa kwanza pako wazi: viboko vya usiku. Adhabu hii hurudi kila usiku kwa amri, kama kiitikio. Ikibali aisikie kwanza kabla hajaiona: ngoma moja, pigo moja moja, sauti ya mtu anayehesabu kwa uchungu. Wasikilizaji waifunze masikio yao bila kujua sababu. Kila Adili anapofikia kituo katika masimulizi yake mbele ya Rai, pigo lile lirudi, na kila linaporudi maana yake iwe imezidi, mpaka watazamaji watambue kwamba wanahesabu viboko vya ndugu juu ya mgongo wa ndugu.

Mji wa mawe hauhitaji rangi wala mbao. Kundi zima la wachezaji, waliokuwa wakicheza kwa nguvu, wasimame ghafula kila mtu katika hali aliyokuwamo: huyu anauza, huyu anacheka, huyu ameinua mguu. Ngoma zinyamaze. Katika uwanja uliozoea kelele, ukimya wa dakika nzima hutisha kuliko sanamu. Kisha sauti ya Mwelekevu peke yake, haina wa kuipokea. Hapo watazamaji wa Buha watahisi kasoro kabla hawajaelezwa, maana wimbo usioitikiwa ni msiba. Nyani nao wasivishwe ngozi. Wapewe wimbo usio na maneno, na siku wanaporudishiwa utu wapewe maneno.

Kitakachopungua ni mawaidha. Shaaban Robert alipenda kusimama njiani kuhutubia juu ya wema na ubaya, na kitabuni hotuba hizo ni tamu. Uwanjani zitalala. Wimbo wa mistari miwili uliopokewa na watu mia tatu unabeba mzigo huo bila shida.

Imebaki lugha. Twaambiwa kwamba mchezo wa Kiswahili ukitiwa viitikio vya Kiha utaibomoa kazi ya kuijenga lugha ya taifa. Hatukubali. Masimulizi na yawe ya Kiswahili, kwa kuwa ndicho kitabu na ndicho kinachotuunganisha. Lakini kiitikio ni cha mama aliyekaa chini ya mwembe ambaye hakupata kwenda shule. Akikipokea kwa Kiha amekwisha kuingia katika kitabu cha Shaaban Robert, mahali ambapo hakupata kualikwa. Tena nyanda hizi zina wageni wao. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walipokelewa huko na katika kambi ya Nduta, Kibondo. Kirundi na Kiha huelewana. Mtoto wa Kirundi aliyeukimbia ugomvi wa watu wa nchi moja haambiwi mara mbili hadithi ya ndugu waliomtosa ndugu yao. Ataitikia pamoja na mwenyeji wake.

Mazoezi yaanze na ngoma na viitikio, wiki mbili kabla ya maneno kugawiwa. Nyani wachaguliwe wale wenye sauti nzito. Na kiboko cha Adili kiwe cha utete, maana fimbo ya kweli mkononi mwa mwanafunzi wa kidato cha pili husahau upesi kwamba inaigiza.