Mapenzi katika Riwaya ya Kiswahili

Miongoni mwa walimu wenzetu yameenea maoni kwamba riwaya ya mapenzi ni kitabu cha kupotezea wakati, na kwamba mwanafunzi aonekanapo nayo yafaa anyang'anywe. Sisi tufundishao Kiswahili nchini Uganda yatupasa kuyapima maoni hayo kwa makini. Wanafunzi wetu wengi hawakukikuta Kiswahili nyumbani, wanakikuta darasani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kiwe somo la lazima shuleni. Hata hivyo, amri haimtii mtoto hamu ya kusoma. Hamu huletwa na kitabu chenyewe, na kitabu ambacho vijana hukopeshana bila kuhimizwa na mwalimu ni kile kisimuliacho mapenzi. Kwa hiyo ni vema tujue riwaya hiyo imetoka wapi kabla ya kuihukumu.

Mapenzi yalikuwamo katika nyimbo za arusi na katika mashairi ya pwani tangu zamani, kabla riwaya haijazaliwa. Nathari ya kubuni iliposhika njia katika mikono ya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, shabaha yake kubwa ilikuwa adili. Katika vitabu vyake wahusika hubeba majina ya sifa zao: Adili, Hasidi, Utubora. Msomaji akishalijua jina la mtu, amekwisha kuujua moyo wake. Katika ulimwengu wa namna hiyo, mapenzi hupimwa kwa kipimo cha wema na ubaya, wala mwandishi hahitaji kuzama sana katika mashaka ya mtu apendaye.

Mashaka hayo yaliingia kwa kishindo mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali mno, hata barua ya mvulana ikawa sababu ya kipigo. Alipotoka mbele ya macho ya baba yake hakuwa na silaha yoyote ya kujikinga na ulimwengu, na mwisho wake ulikuwa kujiua. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania, kisha baadaye kikaja kusomwa katika shule zile zile. Twaona hapa jambo la kuzingatiwa: waliokikataza walihofia kwamba kitawafundisha vijana uasherati, na hali kilikuwa kikiwaonya wazazi. Kosa kubwa katika kisa kile limo katika malezi ya hofu na ya kunyamaziana.

Mwaka uliofuata, 1972, Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar alitoa Kiu. Humo Mwinyi, mzee tajiri, anamtaka Bahati, msichana maskini, na kijana Idi anaigeuza tamaa hiyo kuwa njia yake ya kujipatia mali. Kila mmoja ana kiu yake, na maneno matamu ya mapenzi yanatumika kama fedha sokoni. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano, ambamo Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, anatoroka na kuangukia katika maisha ya ulevi na ya kuuza mwili. Lakini mwandishi hakumwua. Alimwacha aishi, ainuke, na apate pa kuanzia tena.

Vitabu hivyo vitatu vikisomwa pamoja, vinatoa historia ambayo haimo katika vitabu vya tarehe. Vinatuonyesha baba aliyekuwa na amri ya mwisho, fedha iliyokuwa ikiinunua ndoa, na msichana ambaye hakuulizwa. Shafi Adam Shafi aliirudia habari hiyo mwaka 1999 katika Vuta N'kuvute, riwaya iliyojengwa katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, aliozwa kwa Raza, mtu mzima wa kumzaa. Akamkimbia, akapata hifadhi kwa Mwajuma, kisha akampenda Denge, mpigania uhuru aliyekuwa akiandamwa na serikali ya kikoloni. Humo mapenzi yanavuka mipaka ya kabila na ya tabaka, na siasa inaingia mpaka chumbani. Mwaka 2021 hadithi hiyo ilitolewa kuwa filamu na Amil Shivji, ikawafikia hata wasiosoma.

Sambamba na vitabu hivyo vilikuwapo vijitabu vya bei nafuu vya mijini na hadithi za mfululizo magazetini. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, aliwapatia wasomaji wengi starehe ya kusoma kwa vitabu kama Dar es Salaam Usiku. Hatuwezi kuidharau kazi hiyo, kwa kuwa watu walionunua kitabu kwa hiari yao wameisaidia lugha kuliko watu waliokisifu bila kukifungua.

Hata hivyo tunayo malalamiko juu ya hadithi nyingi za mapenzi zitokazo siku hizi. La kwanza ni la lugha: wahusika wote husema kwa sauti moja, mama mkwe kama kijana wa mtaani. La pili ni zito zaidi, nalo ni adhabu. Mwanamume na mwanamke hukosa pamoja, lakini ugonjwa, aibu na kifo humwangukia mwanamke, na mwanamume hupewa nafasi ya kutubu. Kezilahabi alipomwua Rosa, alituonyesha nani waliomsukuma. Waigaji wengi wamekichukua kifo wakaiacha sababu.

Kwa hiyo kumnyang'anya mwanafunzi kitabu hakutamfaa kitu. Tumwulize maswali: Nani katika hadithi hii ana fedha? Nani hakuulizwa alipoozwa? Nani ameadhibiwa, na nani amesalimika? Mtu huyu angemwambiaje mkwewe maneno haya? Mwanafunzi awezaye kujibu maswali hayo kwa Kiswahili fasaha amekwisha kujifunza lugha, na amejifunza pia kuchuja maneno matamu atakayoambiwa yeye mwenyewe. Binti zetu wataandikiwa barua, tupende tusipende. Ni heri wazijue kwanza vitabuni, mwalimu akiwa karibu, kuliko kuzijua kama alivyozijua Rosa.