Negativu ya Shosho

Shosho alipofariki, picha yake nzuri kuliko zote ilikuwa kwenye fleshi yangu, na hakuna aliyeweza kuiona. Nilimpiga akiwa shambani kwa viazi hapa Mau Narok, ukungu nyuma yake, kwa kamera niliyoazima baada ya kuacha chuo. Kamera ilikuwa imewekwa ihifadhi faili ghafi. Jamaa wa saiba aliyekuwa akitengeneza kijitabu cha mazishi alijaribu mara mbili, kisha akanirudishia fleshi.

"Hii kitu haifunguki, boss. Leta JPEG. Kesho saa nne naprinti."

Usiku huo, nikingoja programu ya bure ishuke kwa bando ya simu, nilianza kusoma tulifikaje hapa.

Enzi ya filamu, studio ilikupa picha, na negativu mara nyingi ikabaki kwa mpiga picha. Ndivyo ilivyokuwa kwa picha pekee ya ujana wa shosho. Studio ilifungwa, negativu ikapotea nayo. Lakini negativu iliyosafishwa ina wema wake: ishike dirishani, utaona kitu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963 na kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1996. Filamu zake zilibaki, na miaka mingi baadaye zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta.

Filamu isiyosafishwa ni hadithi nyingine. Tarehe 30 Desemba 2010, maabara ya mwisho duniani iliyosafisha filamu ya Kodachrome, huko Kansas, Marekani, ilipokea mzigo wake wa mwisho. Aliyechelewa na roli yake alipoteza rangi zake.

Faili ghafi ni kama roli hiyo. Si picha bado. Ni hesabu ya mwanga ulioangukia kila nukta ya kihisio, na lazima programu iisafishe. Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera ya kidijitali mwaka 1975, picha moja ilichukua sekunde 23 kurekodiwa kwenye kaseti. Baadaye kila kampuni ikajitengenezea aina yake ya faili na kuficha maelezo. Mwaka 1997 Dave Coffin, mtengenezaji programu, alianza kuzifumbua moja moja, na kazi yake imeingia katika programu nyingi. Mwaka 2004 Adobe ikatoa DNG, negativu ya kidijitali ambayo maelezo yake yako wazi kwa kila mtu.

JPEG, ya tangu 1992, hufunguka popote kwa sababu imeshakatwa. Kila rangi ina ngazi 256 tu. Faili ghafi ya biti 14 ina 16,384. Kwa hivyo kubadilisha ni kuamua nini kitupwe.

Hilo nililiona saa nane usiku. Programu ilipogeuza faili yenyewe, ilichagua ukungu. Ukungu ulitoka safi kabisa, na uso wa shosho chini ya kitambaa ukawa kivuli tu. Ningepeleka hiyo, tungemzika bila uso. Nikarudi kwenye faili ghafi, nikainua giza taratibu. Kwanza jicho la kushoto, halafu mikunjo ya mdomo, halafu lile kovu la utotoni ambalo hakuwahi kutuambia lilitoka wapi. Yote yalikuwa mle.

Saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni kwa saiba.

Matanga yalipoisha, nilibadilisha zile nyingine zote mara mbili: JPEG kwa kina tata na mabinamu, DNG kwa kuhifadhi, nakala kwenye diski mbili za nyumba tofauti. Zile ghafi sikuzifuta. Huenda mjukuu wangu akataka kuona kilichokuwa ndani ya ukungu.