Sanamu Ndogo ya Askari: Utayarishaji na Upakaji Rangi

Sanamu ndogo ya askari ni umbo la mtu wa vita lililosubiwa kwa risasi na bati katika kalibu, au kwa plastiki ngumu, kisha likapakwa rangi kwa mkono ili lilingane na zama, jeshi na cheo cha askari mwenyewe. Kipimo mashuhuri ni cha milimita 54, ambacho ni takriban sehemu moja katika 32 ya kimo cha mtu mzima. Na tangu mwaka 1893, kampuni ya William Britain ya Uingereza ilipoanza kusubu askari wa risasi wenye uwazi ndani, sanamu hizi zikawa nyepesi na bei yake ikashuka.

Kwa watu wa Biharamulo, wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mfano ulio karibu zaidi ni askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwani mji wa Biharamulo, penye boma lililojengwa na Wadachi, yaani Wajerumani, ulitwaliwa mwezi wa Juni 1916 na majeshi ya Wabelgiji yaliyopitia Rwanda, na Septemba ya mwaka huo huo Tabora nayo ikaanguka mikononi mwao. Maadamu wengi wa waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika, uso peke yake haumpambanui huyu na yule. Kinachowapambanua ni mavazi, na mavazi ndiyo mahali pa kuteleza.

Askari wa Wadachi huonyeshwa katika kaki, kichwani tarbushi iliyovikwa kifuniko cha kaki chenye kitambaa cha kusitiri kisogo, na mbele yake nembo ya tai ya madini; mshipi na vibweta vya risasi ni vya ngozi ya hudhurungi. Askari wa Kongo waliopigana upande wa Wabelgiji, ambao kabla ya vita walivaa buluu na tarbushi nyekundu, walivishwa kaki vita vilipoendelea, kwa hiyo anayempaka buluu askari wa mwaka 1916 kwa kufuata picha ya zamani aghalabu hukosea. Ushahidi nao una upungufu: picha nyingi za zama zile ni nyeusi na nyeupe, na sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927, yafundisha vema mikunjo ya nguo na mshiko wa bunduki, lakini shaba haisemi rangi. Hapana budi basi kutazama nguo zenyewe zilizohifadhiwa.

Kutayarisha huanza kwa kisu chembamba na tupa ndogo, kuondoa mshono ulioachwa na pande mbili za kalibu, hasa penye kofia na mabega ambako jicho hutua kwanza. Kisha umbo husuguliwa kwa msasa laini, huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ili mafuta yatoke, na kiungo kilichosimama peke yake, kama mkono wenye bunduki, hutobolewa na kutiwa waya kabla ya gundi. Praima nyepesi ya kijivu hufuata, nayo hufichua dosari zilizosalia. Vumbi la risasi ni sumu, wala haifai kuikwangua karibu na chakula au watoto.

Ngozi hupakwa mwanzo, nguo baadaye, silaha mwisho. Anayetaka kung'arisha shavu la mtu mweusi kwa kuongeza nyeupe hupata uso wa majivu, kumbe shavu hilo hung'arishwa kwa hudhurungi yenye wekundu au umanjano kidogo. Jicho halitiwi nyeupe tupu, na mboni yake hufikia ukope wa juu, la sivyo askari huonekana ameshtuka. Kaki hupakwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke, na hufifishwa mabegani na magotini, kwa maana jua na kufua viliichujua hata nguo mbili za kombania moja zisifanane.

Hatimaye hupakwa vanishi isiyong'aa, na kitako hutiwa udongo mwekundu na nyasi kavu, na vumbi la udongo huo hurudiwa miguuni mwa askari. Sanamu iliyopakwa kwa ustadi bila uchunguzi ni pambo. Iliyochunguzwa, ijapokuwa mkono haukuwa hodari, ina faida kwa tarikhi. Kwa hiyo ni desturi njema kuandika chini ya kitako jina la jeshi, mahali na mwaka, ili atakayekuja nyuma aweze kuikagua.