Minne ya Mkuu wa Polisi, Sita ya Msimamizi Wake

Septemba 2024 Nairobi ilishuhudia viapo viwili katika mwezi mmoja. Douglas Kanja aliapa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Issack Hassan, wakili aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi, aliapa kuwa mwenyekiti wa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo Wakenya huiita IPOA tu. Magazeti yaliwaandika sana watu hao: wametoka wapi, nani kawataka, nani hawataki. Mimi nilivutwa na tarakimu mbili ambazo hazikupata hata aya moja. Kanja amepewa miaka minne. Hassan amepewa sita. Hakuna kati yao anayeruhusiwa kuomba aongezewe.

Tarakimu hizo hazikuokotwa njiani. Zina historia, na historia hiyo inaanzia mochari.

Baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliundwa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, akiwa na Gavin McFadyen wa New Zealand na Pascal Kambale wa Kongo. Ripoti yao ilitoka Oktoba 2008. Wengi wanaikumbuka kwa ile bahasha yenye majina ya washukiwa wakuu, ambayo ilikabidhiwa Kofi Annan, mpatanishi wa mgogoro ule. Ila kwa habari yetu hii, la kukumbuka ni hesabu ya maiti. Waliokufa ni 1,133, na kati yao 405 waliuawa kwa risasi. Katika vurugu ambazo wananchi walishika mapanga, mishale na mawe, risasi zilikuwa na mwenyewe. Tume ilisema hivyo waziwazi, ikapendekeza kiundwe chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi.

Kabla ya hapo, aliyepigwa na polisi alikwenda kuandikisha ripoti wapi? Kituoni. Waswahili wana maneno yao kwa jambo hilo: kesi ya ngedere umpelekee nyani. Na huyo nyani naye hakuwa na usalama wa kazi. Kamishna wa Polisi aliteuliwa na Rais na akaondolewa na Rais, siku ambayo Rais aliona inafaa. Mtu wa namna hiyo huangalia Ikulu kabla ya kuangalia barabara.

Serikali ilijaribu njia ya mkato. Mwaka 2008, kwa notisi ya gazeti rasmi, iliunda bodi ya kusimamia polisi. Bodi haikuwa na sheria yake wala uwezo wa kumlazimisha afisa ajibu. Kasoro ya chombo cha notisi ni kwamba kilichoandikwa kwa notisi hufutwa kwa notisi, na kila aliyekalia kiti pale alilijua hilo. Mapema 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, Philip Alston, alizuru Kenya na kutoa taarifa kali dhidi ya polisi. Machi 5 mwaka huohuo, watetezi wawili wa haki waliokuwa wakikusanya taarifa za mauaji hayo, Oscar King'ara na Paul Oulu, walipigwa risasi ndani ya gari karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ikawa dhahiri kwamba kulichunguza jeshi hili ni kazi ya roho mkononi. Baadaye mwaka huo jopo la jaji mstaafu Philip Ransley lilitoa mapendekezo zaidi ya 200 ya kuibadili polisi, na chombo cha usimamizi kikiwamo.

Katiba mpya ya Agosti 2010 iliandika muhula wa Inspekta Jenerali: miaka minne, mara moja, basi. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria Nambari 35 ya 2011 iliyoizaa IPOA. Humo ndimo yanamokaa masharti ya kiti cha Hassan, na ningependa tuyapitie polepole, maana mengi yanasomeka kama majibu kwa makosa ya zamani.

Mwenyekiti lazima awe na sifa za kumwezesha kuteuliwa jaji wa Mahakama Kuu. Hateuliwi kwa kupigiwa simu usiku. Nafasi hutangazwa, watu huomba, na jopo lenye wajumbe kutoka Ofisi ya Rais, Tume ya Huduma za Mahakama, tume ya kupambana na ufisadi, tume ya haki za binadamu na kwingineko huwahoji. Rais humtaja mmoja, Bunge la Kitaifa humsaili na kumkubali au kumkataa, kisha ndipo anaapishwa. Anakaa miaka sita. Hawezi kurudi. Kumwondoa kabla ya wakati kunahitaji sababu zilizotajwa na sheria na jopo la kuzichunguza.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Mwombaji wa nafasi ya juu ya umma nchini Kenya hutakiwa kubeba rundo la vyeti: cha kodi, cha mkopo wa elimu ya juu, cha tume ya ufisadi, na cha tabia njema. Hicho cha mwisho hutolewa na idara ya upelelezi, yaani polisi. Anayetaka kuwasimamia huanza kwa kupanga foleni kwao, achukuliwe alama za vidole.

Lakini turudi kwenye ile miaka sita isiyoongezwa, kwa sababu ndiyo kiini cha mambo. Mtu anaweza kuuliza: kama mwenyekiti kafanya kazi nzuri, kwa nini asipewe kipindi cha pili? Jibu lilionekana vizuri zaidi Afrika Kusini.

Huko, sheria ya idara ya kuchunguza polisi, IPID, ilimpa mkurugenzi wake miaka mitano iliyoweza kuongezwa mara moja. Machi 2014 kazi hiyo alipewa Robert McBride. Huyu si mtu wa kawaida. Mwaka 1986 alilipua baa moja ya Durban kwa niaba ya wapiganaji wa ANC, akahukumiwa kifo, akatoka gerezani 1992, na baadaye akawa mkuu wa polisi wa jiji la Ekurhuleni. Alipoingia IPID alikuta faili la Wazimbabwe waliokamatwa na kurudishwa kwao kinyume cha sheria, faili lililogusa wakubwa wa kikosi cha upelelezi cha Hawks. Likageuka vita. Machi 2015, mwaka mmoja tu baada ya kuteuliwa, Waziri wa Polisi Nathi Nhleko alimsimamisha kazi.

Sheria ilimruhusu waziri kufanya hivyo. Na hilo ndilo McBride alilolipeleka mahakamani: kwamba sheria yenyewe ni mbovu. Septemba 6, 2016, Mahakama ya Katiba ilikubaliana naye. Ilisema chombo ambacho Katiba inataka kiwe huru hakiwezi kuwa na mkuu anayeng'olewa na waziri wa polisi peke yake, ikaamuru kwamba kumwondoa kupitie Bunge kwa kura ya theluthi mbili. McBride akarudi ofisini. Ushindi mkubwa, na vyuo vya sheria vinaufundisha.

Kisha ikafika Februari 2019. Miaka yake mitano ilikuwa inakwisha, na waziri mpya, Bheki Cele, akaamua asiongezewe. McBride akakimbilia tena mahakamani, suala likaishia kwenye kamati ya Bunge, kamati ikakubaliana na waziri. Mwisho wa mwezi akafunga mizigo. Hakuna aliyemfukuza, hivyo ile theluthi mbili haikuhitajika. Mlango wa mbele ulifungwa kwa kufuli la Mahakama ya Katiba, na yeye akapitishwa dirishani, kwenye kifungu cha kuongezewa muda.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Kenya ilipoona mbali kuliko nchi hiyo tajiri. Muhula unaoongezwa unampa mwajiri fimbo asiyolazimika hata kuiinua. Mwaka wa nne unapofika, mkuu wa chombo huanza kupima kila faili: hili nilifungue sasa, au nisubiri barua yangu itoke?

Wengine walilijua hilo mapema. Ireland Kaskazini, baada ya Maurice Hayes kupendekeza ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya polisi mwaka 1997, sheria iliweka miaka saba kamili. Wa kwanza kukikalia kiti, Nuala O'Loan, alitoa ripoti ya shambulio la bomu la Omagh mwishoni mwa 2001, akausema uongozi wa polisi bila kumung'unya maneno, mkuu wa polisi akafura. Mwaka 2007, katika mwaka wake wa mwisho, alitoa ripoti nzito kuhusu polisi waliowalinda watoa habari wao waliokuwa wauaji. Hakuwa na muhula wa pili wa kuulinda.

Tanzania ilianza mapema kuliko wote hawa. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliundwa 1966, chini ya uenyekiti wa Erasto Mang'enya, na raia angeweza kumlalamikia hata afisa wa serikali aliyemwonea, polisi akiwamo. Ila ripoti zake zilikwenda kwa Rais. Mrithi wake, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makamishna wake hupewa miaka mitatu inayoweza kuongezwa mara moja. Miaka mitatu ni michache mno. Kesi moja ya mauaji hula zaidi ya hapo.

Na ulaji huo wa kesi ndio umeijaribu ile sita ya Kenya. Bodi ya kwanza iliapishwa Juni 2012 chini ya wakili Macharia Njeru. Miongoni mwa kazi zake za awali ilikuwa kuchunguza mkasa wa Baragoi, Novemba 2012, ambako polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Wengi walishangaa. Walidhani IPOA ipo kuwasaka polisi, kumbe ilikuwa inauliza nani aliwatuma vijana wale bondeni bila maandalizi. Agosti 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi nyumbani kwao Kinango, Kwale. Polisi wawili walihukumiwa miaka saba Februari 2016, na hukumu hiyo ilikuwa ya mapema kabisa kutokana na uchunguzi wa IPOA. Mwezi Juni mwaka huo wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi. Mteja huyo alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na polisi, akapeleka malalamiko IPOA.

Katika muda wake Njeru alishuhudia Kamishna Mathew Iteere akiondoka, David Kimaiyo akija na kujiuzulu Desemba 2014, kisha Joseph Boinnet. Aliyemfuata, Anne Makori, alimkuta Boinnet, akamwona Hilary Mutyambai akiingia 2019 na kuondoka 2022, kisha Japhet Koome aliyejiuzulu Julai 2024 baada ya maandamano ya vijana. Sita dhidi ya minne inafanya kazi: msimamizi hubaki, wasimamiwa hupita.

Lakini mafaili nayo hubaki. Agosti 2017, Kisumu, mtoto wa miezi sita ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Baby Pendo alipigwa nyumbani kwao wakati wa msako wa polisi, akafa. Uchunguzi ulianza enzi ya Njeru. Mahakama ilitamka 2019 kwamba polisi wanabeba lawama, Makori akiwa kitini. Mwendesha mashtaka aliidhinisha kesi Oktoba 2022. Hassan anaapishwa, hukumu bado. IPOA huchunguza na kupendekeza. Kushtaki si kazi yake, na kuhukumu ndiyo kabisa.

Sheria ina tundu jingine, na hili sioni sababu ya kulivumilia. Bodi huapishwa pamoja, kwa hiyo huondoka pamoja. Bodi ya Njeru ilipomaliza muda wake katikati ya 2018, viti vilikaa vitupu hadi Makori na wenzake walipoapishwa Septemba. Bodi ya Makori nayo ilimaliza muda Septemba 2024, miezi mitatu hivi baada ya Juni 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni na risasi zikapigwa. Walioanza kuchunguza wakaaga, walioingia wakaanza kusoma mafaili. Kungekuwa na taabu gani kuwapanga wajumbe waondoke kwa awamu?

Hassan mwenyewe anajua vizuri thamani ya masharti ya kazi. Mwaka 2016, upinzani ulipojaa barabarani kila Jumatatu ukitaka yeye na makamishna wenzake wa tume ya uchaguzi, IEBC, waondoke, serikali haikuweza kuwafuta tu. Katiba ilitaka ombi la kuwaondoa na jopo la uchunguzi, njia ndefu. Ikabidi kamati ya pamoja ya Bunge ikae, ikubaliane waondoke kwa heshima na walipwe stahili zao. Walikabidhi ofisi Januari 2017. Ulinzi ule haukumbakisha kitini, lakini uliwalazimisha waliotaka aondoke waketi mezani na kujadiliana naye.

Mtihani ulimfika mapema. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni alifia rumande katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulisema vingine. IPOA ilichunguza, na maafisa wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji.

Kwa hesabu ya sheria, Kanja anamaliza 2028 na Hassan 2030. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Wote wawili watakuwa bado kazini, na hakuna hata mmoja atakayekuwa akisubiri barua ya kuongezewa muda.